Bessie Smith na Wale Waliomwitikia

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye kaseti. Rafiki yangu mmoja, mtu wa vitabu na kahawa chungu, alikuja kwangu jioni moja akanikuta nasikiliza mwanamke anaimba, na nyuma yake tarumbeta, tromboni na klarineti. "Hiyo jazi," akasema kabla hata hajakaa. Nikamwambia hapana, hiyo ni bluzi. Akacheka sana. Kwake yeye bluzi ni mzee mmoja na gitaa lake, kaketi barazani kwenye kijumba cha mbao huko Mississippi, kofia imemfunika macho, anaugulia peke yake. Nikamuuliza, huyo mzee ulimwona wapi? Akafikiri kidogo, kisha akakiri: kwenye majalada ya santuri.

Basi makala haya yametokana na ubishi ule. Mzee wa gitaa alikuwepo kweli, sikatai, na alikuwa na mambo makubwa. Lakini studioni alichelewa kufika. Waliotangulia kuipeleka bluzi kwenye santuri walikuwa wanawake, tena wanawake wa jukwaani waliovaa shanga na manyoya kichwani, na waliosimama nyuma yao walikuwa wapigaji wa jazi. Tarehe 10 Agosti 1920 Mamie Smith aliingia studio ya OKeh mjini New York akarekodi "Crazy Blues" pamoja na bendi. Santuri ile iliuzwa hadi wenye makampuni wakashika vichwa: kumbe Mmarekani mweusi naye ana pesa ya kununua muziki! Kuanzia hapo kila kampuni ikaanza kutafuta mwanamke wake wa bluzi. Wazee wa gitaa, Blind Lemon Jefferson akiwa mbele, walikuja kutamba kwenye soko hilo kuanzia 1926 hivi.

Kati ya wanawake hao wote aliyebaki kileleni ni mmoja, naye ndiye aliyekuwa kwenye kaseti yangu. Bessie Smith. Hakuwa na undugu wowote na Mamie; jina tu.

Alizaliwa Chattanooga, jimbo la Tennessee, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Yeye mwenyewe kwenye karatasi za ndoa aliandika 15 Aprili 1894. Baba alifariki Bessie akiwa mdogo mno hata kumkumbuka, na mama naye akafuata kabla binti hajafikisha miaka kumi. Akalelewa na dada yake mkubwa, na pesa ya kula ikatafutwa mitaani: Bessie anaimba na kucheza, kaka yake Andrew anapiga gitaa, wapita njia wanatupa senti. Mwaka 1912 akaingia kwenye kundi la maonyesho lililokuwa likizunguka miji ya Kusini. Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Walimchukua awe mchezaji, si mwimbaji, kwa sababu mwimbaji tayari walikuwa naye: Ma Rainey, yule ambaye baadaye dunia ilimwita mama wa bluzi.

Shule yake ikawa ni mahema na majumba ya maonyesho ambayo hayakuwa na kipaza sauti. Ukitaka aliyekaa nyuma kabisa akusikie, tumia kifua chako. Ndiyo maana hata leo ukimsikiliza Bessie kwenye santuri inayokwaruza namna ile, hupotezi neno. Kila silabi imetiwa mahali pake kama tofali.

Sasa kabla hatujaingia studioni naomba tukae kidogo kwenye ufundi, maana hapa ndipo ulipo moyo wa hadithi. Wewe unayeandika mashairi utanielewa upesi. Ubeti wa kawaida wa bluzi una mistari mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu au unalipindua. Kila mstari umepewa mapigo 16. Lakini maneno yanayoimbwa hula kama nusu tu ya mapigo hayo. Je, nusu iliyobaki ni ya nani?

Ni ya anayeitikia. Kama vile msimulizi kwetu asivyoweza kusonga mbele bila "hadithi njoo" ya waliomzunguka, ndivyo mwimbaji wa bluzi anavyosema mstari wake kisha akasita, akaacha nafasi. Yule mzee wa gitaa anajiitikia mwenyewe kwa nyuzi zake. Bessie hakupiga chombo. Yeye alihitaji watu. Kwa hiyo historia ya santuri zake ni historia ya nani alisimama katika ile nafasi, na alisema nini.

Alipoanza kurekodi, nafasi ile ilikuwa na piano peke yake. Tarehe 16 Februari 1923, baada ya siku nzima ya majaribio yaliyoharibika, Columbia walifanikiwa kunasa "Downhearted Blues", wimbo wa Alberta Hunter na Lovie Austin, huku Clarence Williams akimpigia piano. Makampuni mengine yalikuwa yamekwisha kumkataa kwa kuona sauti yake imezidi ushamba. Haya, ushamba ule uliuza, kwa makadirio yanayotajwa sana, nakala 780,000 katika miezi sita tu. Si mchezo!

Mwaka uliofuata wakaanza kuongezewa watu. Wengi wao walitoka katika bendi moja, ile ya Fletcher Henderson, bendi kubwa ya weusi iliyokuwa ikitamba kwenye kumbi za dansi za New York. Henderson mwenyewe alikaa kwenye piano. Akaja Joe Smith na koneti yake, yaani kitarumbeta kifupi chenye sauti ya mviringo, na Charlie Green kwenye tromboni. Hao wawili weka akilini, tutawarudia.

Halafu tarehe 14 Januari 1925 akaingia kijana wa miaka 23 kutoka New Orleans. Miezi michache tu tangu ajiunge na Henderson. Jina lake Louis Armstrong.

Waliyorekodi siku ile yamo katika mambo ambayo kila mtu anayedai kupenda muziki lazima ayasikie angalau mara moja. "St. Louis Blues", wimbo ambao W. C. Handy aliuchapisha mwaka 1914, ulikuwa umekwisha kuimbwa na kila mtu. Wao wakaupunguza mwendo. Badala ya piano, Fred Longshaw akakaa kwenye kinanda cha kukanyaga, kile cha makanisani, kinachovuta pumzi kama mgonjwa. Studioni walikuwa watu watatu basi: sauti, koneti, kinanda. Bessie anasema mstari wake, anausukuma hadi mwisho, anaachia. Pale pale Armstrong anaokota neno la mwisho, analigeuza, analirudisha kwake likiwa na swali. Bessie naye kwenye mstari wa pili haurudii ule wa kwanza kama ulivyo. Unasikia kabisa kwamba amesikia alichoambiwa. Wanazungumza hawa!

Kwa jumla walirekodi pamoja nyimbo tisa mwaka ule wa 1925. Lakini sikiliza ajabu hii: wanaomjua vizuri wanasema Bessie mwenyewe alimpenda zaidi Joe Smith. Wengi hushtuka. Inakuwaje mtu apewe Armstrong amtake mwingine? Mimi nilipozisikiliza kwa kuzifuatanisha nilianza kumwelewa. Armstrong alikuwa mwimbaji wa pili. Ukimpa nafasi ya kuitikia, naye anaanza hadithi yake, nzuri kweli kweli, hadi unasahau mwenye hadithi ni nani. Joe Smith hakufanya hivyo. Yeye ni yule mtu anayekaa karibu na msimulizi, anainamisha kichwa, anasema "ehe, kisha?" Anapiga kwa upole, anamalizia pale Bessie anapotaka kuanzia. Kumfuata mtu bila kumfunika ni kazi, tena kazi ngumu, na wanaoiweza mara nyingi majina yao hayajulikani.

Mei ya mwaka huo huo ikaleta mapya. Hadi wakati ule kurekodi kulifanywa bila umeme: wapigaji wanajipanga mbele ya pembe kubwa, sauti inaingia kwenye pembe, inatikisa sindano, sindano inachora kwenye nta. Kwa njia hiyo bendi kubwa ilikuwa taabu. Vyombo vinagombania pembe moja, na anayepiga kwa nguvu anasogezwa mbali hadi ukutani. Sasa Columbia wakaleta maikrofoni. Bessie akaitwa, na safari hii na kikosi kizima cha Henderson: koneti, tromboni, klarineti ya Buster Bailey, saksafoni ya Coleman Hawkins, banjo na piano.

Inasimuliwa kwamba mafundi, kwa kuogopa mwangwi wa chumba, walitundika hema kubwa ndani ya studio, wakawaingiza wote humo. Wamebanana kama kwenye daladala, joto, vyombo vinagongana. Katikati ya kazi hema likawaangukia wote! Mtu aliyejifunza kuimba kwenye mahema ya Kusini akaangukiwa na hema New York, tena ndani ya jengo la kampuni. Lakini hata hivyo walipata walichotaka. "The Yellow Dog Blues" ya kikao kile ilitoka mwaka huo huo. "Cake Walking Babies", ambayo inakimbia kwa furaha na bendi nzima iko juu, ikawekwa kabatini. Bessie hakuishi kuiona dukani.

Ndipo tunafika Machi 1927, na kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wote. Tarehe 2 Machi aliingia na watu wa Henderson akarekodi nyimbo nne ambazo wala hazikuwa bluzi. Zilikuwa nyimbo za watu wote, za redioni na majumbani, kama "Alexander's Ragtime Band" ya Irving Berlin iliyokuwa na umri wa miaka 16, na "After You've Gone". Hazina ile nafasi ya kuitikia niliyoieleza. Mistari imejaa maneno mwanzo hadi mwisho. Akazifanyaje? Akazitengenezea nafasi mwenyewe. Anachelewa kuingia, anabana maneno matatu katika pumzi ya moja, anaacha pengo mahali ambapo mtunzi hakuliweka, na Joe Smith, ambaye sasa anamjua kama jirani, anapita pale pale. Kwa njia hiyo wimbo wa Broadway unageuka kuwa wa Chattanooga bila kubadilishwa hata neno.

Kesho yake, tarehe 3, akarudi na kundi dogo. Mmoja wa nyimbo za siku ile unaitwa "Trombone Cholly", na unamsifu mpiga tromboni. Cholly ni Charlie, yaani Charlie Green, aliyesimama mle mle chumbani na tromboni yake mdomoni! Hebu fikiria. Siku hizo lebo ya santuri iliandika jina la mwimbaji kwa herufi kubwa, na wapigaji mara nyingi hawakutajwa kabisa. Bessie akalitia jina la mwitikiaji wake ndani ya wimbo wenyewe, mahali ambapo hakuna karani wa kulifuta.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana hadithi ya msanii bila pesa ni nusu ya hadithi.

Jukwaani Bessie alikuwa tajiri. Kwenye kilele chake alilipwa hadi dola 2,000 kwa wiki, na hakuna msanii mweusi aliyemzidi. Alikuwa na behewa lake mwenyewe la treni, la rangi ya njano, la kulala kundi zima, kwa sababu huko Kusini hoteli za wazungu hazikumpokea mweusi hata awe na pesa kiasi gani. Lakini kwenye santuri mambo yalikuwa mengine. Mwanzoni kabisa alipigwa changa la macho na Clarence Williams, yule yule wa piano. Karatasi ambayo Bessie alidhani ni mkataba na Columbia, kumbe ni mkataba na Williams mwenyewe, ambaye alikuwa akichukua nusu ya malipo yake. Bessie na mwenzake, Jack Gee, walimfuata ofisini, na hawakwenda kwa salamu. Mkataba ukavunjwa.

Baada ya hapo Frank Walker wa Columbia akamwandikia mkataba wa moja kwa moja: dola 125 kwa kila upande wa santuri uliofaa kutolewa. Kwa mwaka 1923 hizo ni pesa, na Bessie alifurahi. Ila Chris Albertson, aliyeandika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1972, anaeleza kwamba kifungu cha mrabaha kilikatwa kwa wino. Maana yake ni kwamba ikiuzwa nakala moja au ikiuzwa laki nane, yeye ni dola 125 zile zile. Alirekodi nyimbo 160. Bendi ilimjibu kila mstari alioimba. Mauzo yale yote hayakumjibu hata mara moja.

Tarehe 15 Mei 1929 akarekodi "Nobody Knows You When You're Down and Out", wimbo wa mtu aliyekuwa nacho akafilisika na marafiki wakatoweka. Ed Allen ndiye kwenye koneti, naye anapiga kwa heshima kama mtu aliyekuja msibani. Miezi mitano baadaye soko la hisa la New York likaanguka. Mwaka huo huo Bessie aliigiza katika filamu fupi, "St. Louis Blues", akiwa na bendi na kwaya ya Hall Johnson, ndiyo filamu pekee tunayomwona humo. Halafu redio ikaingia majumbani, wenye njaa wakaacha kununua santuri, na mwaka 1931 Columbia ikamwacha. Sina haja ya kukueleza nani alibaki na nyimbo zile 160.

Alirudi studioni mara moja tu. Tarehe 24 Novemba 1933, kijana mmoja tajiri mpenda jazi, John Hammond, alimkusanyia bendi kwa ajili ya OKeh: Frankie Newton kwenye tarumbeta, Chu Berry kwenye saksafoni, Buck Washington kwenye piano, na Jack Teagarden, mzungu kutoka Texas, kwenye tromboni. Benny Goodman naye, ambaye miaka michache baadaye angeitwa mfalme wa swing, alipita akapuliza klarineti kwenye wimbo mmoja tu, tena kwa mbali sana. Weusi na weupe katika chumba kimoja, wakati jukwaani jambo hilo lilikuwa bado nadra.

Hammond alitaka bluzi za zamani. Bessie akakataa. Watu wana dhiki, alisema, hawataki kuongezewa huzuni. Kwa hiyo walipiga nyimbo nne za kuchangamka za Wesley Wilson, ikiwamo "Gimme a Pigfoot". Na muziki wenyewe ulikuwa umebadilika. Bendi hii haiburuti miguu kama zile za 1925, inaruka. Zipo bendi nyingi zilizowaacha waimbaji wa zamani kwenye vumbi. Bessie hakuachwa. Anaimba kama mtu aliyekuwa akiingojea bendi ile, na ndani ya sauti yake unaisikia kabisa miaka iliyokuwa mbele ya jazi. Alilipwa dola 37.50 kwa kila wimbo, bila mrabaha. Piga hesabu mwenyewe.

Siku tatu baadaye, tarehe 27, Hammond alimleta binti wa miaka 18 arekodi kwa mara ya kwanza, na bendi ilikuwa ya Goodman, Teagarden akiwamo. Binti yule aliitwa Billie Holiday. Mmoja anatoka mlangoni, mwingine anaingia.

Alfajiri ya 26 Septemba 1937 gari la Bessie liligonga lori kwenye barabara ya 61, kaskazini ya Clarksdale, Mississippi. Alifariki asubuhi ile katika hospitali ya weusi mjini Clarksdale. Miezi miwili baadaye Hammond aliandika gazetini habari kwamba alikataliwa kwenye hospitali ya wazungu akavuja damu hadi kufa. Watu wengi wanaijua hadithi hiyo mpaka leo, na kuna mchezo wa kuigiza uliotungwa juu yake. Lakini si kweli. Daktari aliyemhudumia barabarani alieleza baadaye kwamba huko hakupelekwa kamwe. Kwa Mississippi ya wakati ule hakuna dereva ambaye angethubutu hata kujaribu. Nadhani ukweli huo unatisha kuliko uzushi, maana kukataliwa kulikuwa kumekwisha kufanyika kabla ya ajali, kwa kila mtu, kwa sheria.

Mazishi yake Philadelphia yalihudhuriwa na maelfu. Kaburi likabaki bila jiwe, bila jina, kwa miaka 33. Mwaka 1970 jiwe likawekwa, na waliolipa ni wanawake wawili: Janis Joplin, mwimbaji wa kizungu aliyejifunza kwa Bessie, na Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kufanya kazi za nyumbani kwake. Wakati huo huo Columbia ilikuwa ikizitoa upya nyimbo zote 160 katika santuri mpya, na zilinunuliwa sana.

Rafiki yangu alipomaliza kusikiliza upande wa kwanza hakuniambia kama nimeshinda ubishi. Aliniuliza tu: "Huyo wa tromboni ni nani?" Nikamwambia, Charlie Green. Akaomba niurudishe nyuma ule wimbo wa 3 Machi, na kila tromboni ilipoingia, akawa anaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeandika, mambo mawili tu. Unapotunga acha nafasi, usiujaze mstari wote kwa sauti yako. Na siku utakapoletewa karatasi ya kutia saini, soma hadi mwisho, kisha angalia kama kuna mahali pamekatwa kwa wino.